Mbao ya deki ya pwani: ipe ya Brazili au mtiki wa Tanga?

Hapa Unguja, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, hoteli na nyumba za wageni zinazojengwa siku hizi nyingi zinataka deki: sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mchanga, mbele ya vyumba au kando ya bwawa la kuogelea. Ikifika hatua ya kuagiza mbao, jina la ipe halikosi kutajwa. Mara limo kwenye mchoro wa msanifu, mara mwekezaji ameiona nchi nyingine akaipenda. Fundi wa hapa naye anauliza kwa nini mbao isafirishwe kutoka upande wa pili wa dunia na ng'ambo ya mkondo wetu tu kuna mtiki, mkongo na mninga. Pande zote mbili zina hoja nzito, na zote zina mahali zinapokosea.

Ipe hupatikana kwenye miti ya Amerika ya Kusini, ya jenasi ya Handroanthus, na nyingi hutoka Brazili. Mita moja ya ujazo ya ipe iliyokauka ina uzito wa karibu kilo 1,050. Itie majini, aghalabu huzama. Mtiki una kama kilo 650. Chukua ubao wa urefu wa mita 4, upana wa sentimita 14 na unene wa sentimita 2.5: wa ipe ni karibu kilo 15, wa mtiki ni kilo 9. Mbao nzito hivyo mchwa huishindwa, ukuvu hauipati kwa urahisi, na viti vya chuma vikiburuzwa juu yake kutwa haviachi alama ya maana. Deki ya ipe iliyojengwa vizuri hukaa miaka 25 na zaidi bila kutiwa dawa. Kwa pwani inayopigwa na mvua za masika, kisha jua la kaskazi, kisha upepo wa kusi uliojaa chumvi, sifa hiyo si ya kubezwa.

Na kuna sifa nyingine ambayo watetezi wa mbao za kwetu hawapendi kuisikia. Ipe huuzwa ikiwa imekaushwa, imepigwa randa, na vipimo vyake vinalingana. Mbao zetu nyingi hupasuliwa mbichi, hupangwa bila vijiti vya kupitisha hewa katikati, hupakiwa majahazini na kuteremshwa bandari ya Malindi hapa Unguja bado zina maji ndani. Fundi anazipigilia wiki hiyohiyo kwa sababu mwenye nyumba ana haraka. Kaskazi ikiingia, mbao zinasinyaa, kingo zinanyanyuka, na nyufa zinafunguka kuanzia kwenye tundu za misumari. Lawama zote anabebeshwa mtiki, hali ya kuwa mtiki hakupewa muda wa kukauka. Kwa kadiri yadi zetu zitakavyoendelea kuuza mbao mbichi kwa bei ya mbao kavu, mwenye kuagiza kutoka nje tutakosa la kumwambia.

Hesabu ya msitu ni nyingine. Miti ya ipe haikui pamoja. Imetawanyika, mmoja mkubwa hapa na mwingine mbali, na kuufikia kila mmoja kunafunguliwa njia ya magari ndani ya msitu. Mwaka 2008 Meya Michael Bloomberg wa New York alitangaza mpango wa kupunguza matumizi ya mbao za misitu ya kitropiki katika jiji ambalo lilikuwa limetandika ipe kwenye njia yake mashuhuri ya ufukweni ya Coney Island. Mwaka 2018 shirika la Greenpeace lilichunguza jimbo la Pará, Brazili, likaonyesha jinsi miti ya ipe ilivyoandikwa kuwa mingi kuliko iliyomo msituni, ili vibali vya ziada vihalalishe magogo yaliyokatwa kwingine. Tangu tarehe 25 Novemba 2024 ipe imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Biashara haijakatazwa, ila kila shehena lazima iwe na kibali cha nchi ilikotoka, na ikipitia kwa wakala wa nchi ya tatu, cheti cha kuiuza tena nje. Muuzaji anayekwambia karatasi zitafuata baadaye, mwache na mbao zake.

Mpaka hapa mtu atasema: basi, tununue mbao za nyumbani. Ni hapa ndipo mjadala wetu unapolegea, maana tunazungumza kama kwamba mti uliokatwa Lindi hauna dhambi kwa kuwa umekatwa Lindi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, lori liliweza kutoka misitu ya kusini hadi Dar es Salaam bila kungoja kivuko, na mninga na mkongo vilikatwa kwa kasi ambayo vijiji havikuwahi kuiona. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu ukataji huo ilieleza kwamba sehemu kubwa sana ya ushuru iliyostahili kulipwa haikukusanywa. Mkongo, ambao wengi wetu pwani tunauita mbambakofi, na mninga vyote viliingia Kiambatisho cha II cha CITES mwaka 2023, mapema kuliko ipe. Kwa kuwa kutoka bara hadi Unguja ni ndani ya nchi moja, kibali cha CITES hakihitajiki, na kwa ajili hiyo watu wengi hawajui kwamba mti huo uko kwenye orodha ileile. Anayeikataa ipe kwa huruma ya Amazoni kisha akanunua mkongo usio na hati amehamisha madhara tu, ameyaleta karibu na kwao.

Hata hivyo mbao za kwetu zinafuatilika, kama mnunuzi ana nia. Wilaya ya Kilwa ina misitu ya vijiji inayomilikiwa na kusimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mwaka 2009 baadhi yake ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, kupitia mradi wa hifadhi uitwao Mpingo, na ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya jamii. Mtiki nao haukatwi msitu wa asili kabisa. Ni mti wa kupandwa, na serikali ina mashamba yake Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, ambako Wakala wa Huduma za Misitu huuza miti kwa mnada. Ukinunua kwa mtu aliyenunua huko, unaweza kuonyeshwa hati ya kusafirishia yenye jina la shamba. Kwa ubao wa ipe, kufika mpaka kwenye kisiki chake ni kazi ambayo hata waagizaji wakubwa wa Ulaya imewashinda.

Kwa hiyo mimi nauchagua mtiki kwa sakafu, lakini mtiki uliokomaa, na hapa pana jambo la kuangalia kwa macho. Mashamba hupunguza miti ikiwa bado michanga, na mbao zake huingia sokoni kwa jina lilelile. Geuza ubao uangalie kichwa chake. Kiini cha mtiki ni kahawia ya dhahabu, ukikipitisha randa kinanuka kama ngozi na vidole vinabaki na utelezi wa mafuta. Pembeni pana weupe, na weupe huo hauna kinga yoyote, mchwa wanaujua. Ubao wenye ukingo mweupe wa upana wa vidole viwili utaliwa upande huo miaka michache tu, hata kama nusu ya pili ingedumu maisha. Nimeshaona deki zilizosemwa kwamba mtiki umeziangusha, na kilichooza kilikuwa weupe mtupu.

Nyingine nazipitia kwa haraka. Mvule ni mbao njema, ila mikubwa imeadimika, na mafundi wanajua jiwe la chokaa linalojificha ndani yake na kuvunja meno ya msumeno. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la serikali huko Mufindi, iliyotiwa dawa ni rahisi na inafaa mahali pasipo na anasa. Vipande vyake visichomwe jikoni, kwani dawa hiyo aghalabu ina aseniki. Mbao za mchanganyiko wa plastiki haziozi, lakini zikiwa za rangi nyeusi saa saba mchana mgeni hawezi kukanyaga peku. Kupaka oili chafu ya gari, kama wengi wanavyofanya kwa ajili ya mchwa, ni kuchafua mchanga na nyayo za watu.

Lililonishawishi kuliko yote ni matengenezo. Deki za pwani mara nyingi haziuliwi na ubao wa juu. Zinakufa chini, kwenye mihimili iliyolala juu ya mchanga wenye unyevu, na kwenye skrubu za chuma cha kawaida zinazoliwa na chumvi mpaka kichwa kinabaki mkononi. Ipe iliyofungwa kwa skrubu hizo italegea sawa na mbao yoyote. Skrubu ziwe za stenlesi ya daraja la 316, inayostahimili chumvi, kila tundu litobolewe kwanza kwa drili, kati ya ubao na ubao pabaki nafasi ya milimita 5 au 6, na chini pawe wazi kiasi cha mtu kuweza kufagia mchanga. Mihimili ningeifanya ya mkongo wenye hati, maana ni mzito na mchwa hawauwezi. Ujulikane tu kwamba ukinyeshewa mwanzoni hutoa rangi ya manjano inayochafua ukuta mweupe ulio chini yake.

Miaka sita au saba baadaye ubao mmoja utapasuka. Ukiwa wa mtiki, fundi wa Jambiani atapata mwingine, ataupiga randa, ataubadilisha kesho yake kwa vifaa alivyo navyo. Ukiwa wa ipe, utaagiza shehena ndogo yenye kibali chake, au utaziba kwa ubao wa aina nyingine unaopanda na kushuka tofauti na jirani zake. Hoteli kubwa yenye bohari na fundi wake inaweza kulimudu hilo. Na kwa njia ya wapagazi inayokanyagwa mchana na usiku, ningekubali ipe yenye karatasi kamili bila ubishi. Nyumba ya vyumba sita Bwejuu haina sababu hiyo.

Anayeagiza mtiki aongeze mbao kidogo kuliko hesabu ya fundi, azipange kivulini kwa vijiti miezi kadhaa kabla ya ujenzi kuanza, na zitakazobaki azihifadhi hapohapo kwa ajili ya kubadilishia.