Muulize kwa nini B si jibu

Ikifika Julai, makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa la saba hayalali. Mtihani wa utamilifu wa mkoa fulani, wa ujirani mwema wa kata fulani, wa Taifa wa miaka ya nyuma, na chini ya kila mmoja safu ya majibu: 1 C, 2 A, 3 D. Mzazi anapeleka steshenari, anachapisha, mtoto anajibu, wanalinganisha herufi na herufi. Amepata 31 kati ya 40. Hongera, kalale, kesho tunafanya mwingine.

Mimi naona huko ni kumaliza karatasi tu, hasa kwa somo la Sayansi na Teknolojia. Mtoto aliyekosa swali la 17 akaambiwa jibu lilikuwa D, alichokipata ni hiyo D. Swali lile halirudi Septemba. Kinachorudi ni nyenzo, kutu, saketi za umeme, usanisinuru, mbu, hatua za uchunguzi wa kisayansi, na vinarudi vimevaa nguo nyingine. Aliyekariri herufi hawezi kuvitambua.

Kazi yenyewe iko kwenye yale majibu yaliyoachwa. Chukua swali la gesi inayotolewa na mimea wakati wa usanisinuru. Wawili wamekosa: mmoja kachagua kabonidayoksaidi, mwingine naitrojeni. Kwenye alama wako sawa, wote sifuri. Lakini wa kwanza anajua kwamba kabonidayoksaidi inahusika, ila amegeuza kinachoingia na kinachotoka. Dakika tano na mchoro wa jani vinamtosha. Wa pili amebahatisha, huyo arudishwe kwenye mada nzima. Ukiwaambia wote "jibu ni oksijeni" ukafunga daftari, umewatibu malaria na jino kwa kidonge kimoja.

Ndiyo maana swali ninalolipenda kuliko yote ni "kwa nini B si jibu?" Na ninaliuliza hata pale mtoto alipopata. Hasa pale alipopata.

Mtoto wa dada yangu alijibu vizuri kabisa kwamba toroli ni nyenzo daraja la pili. Nikamuuliza kwa nini si la kwanza. "Mamdogo, mwalimu ndivyo alivyotuandikia." Bahati nzuri jirani alikuwa anajenga, toroli lipo hapo nje na mchanga wake. Nikamwambia, baba, shika mishikio unyanyue kidogo, halafu niambie toroli linazungukia wapi. Akainama kutazama: kwenye gurudumu. Basi hilo ndilo egemeo. Mchanga uko wapi? Katikati. Mikono yako? Huku mwisho. Mzigo ukikaa kati ya egemeo na jitihada, yaani nguvu ya mikono yako, hilo ni daraja la pili, na hakuna haja ya kulikariri tena.

Tukaingia jikoni. Mkasi: egemeo katikati, daraja la kwanza. Kisha kibanio cha mkaa, kile cha bapa la chuma lililokunjwa. Akasema haraka, kama mkasi. Haya, kimekunjwa wapi? Mwisho kabisa. Kaa la moto linashikwa ncha ya pili, vidole vinabana katikati. Akanyamaza, akakifungua na kukifunga, akasema hiki cha tatu. Kisha akaniletea plaizi kutoka kwenye boksi la vifaa vya baba yake, bila kuulizwa, akaniambia hii nayo inabana lakini ni ya kwanza kwa sababu msumari wake uko kati. Sikuwa nimeifikiria hiyo plaizi.

Umeme ni hivyo hivyo. Watoto wanakariri kwamba kwenye saketi sambamba balbu moja ikiungua nyingine zinaendelea kuwaka, kwenye mfululizo zote zinazimika. Ukibadilisha mchoro kidogo wanapotea. Muulize: ukizima taa ya sebuleni, friji inazimika? Haizimiki. Kwa hiyo nyumba yetu imeungwa vipi? Akishajibu, mchokoze: mbona LUKU ikiisha vinazimika vyote? Hapo atakuna kichwa, na ni vizuri akikune, mpaka aone kwamba mita imekaa kabla njia hazijagawanyika. Mtoto aliyebishana na LUKU yake mwenyewe hasumbuliwi na mchoro wa balbu tatu na swichi moja.

Kutu ni ugonjwa wa wengi. Muulize kinachosababisha kutu, atakwambia maji. Hewa ameisahau, na swali la mtihani linapenda kumnasa hapo hapo. Chukua chupa tatu za jamu na misumari mitatu. Wa kwanza uzamishe nusu kwenye maji ya kawaida, chupa iwe wazi. Wa pili uzamishwe wote kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa huku yamefunikwa, juu yake miminia mafuta ya kula. Kuchemsha kumefukuza hewa iliyokuwa ndani ya maji, na mafuta yanaizuia isirudi. Wa tatu ukae kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Baada ya siku kadhaa aandike anachokiona. Angalizo: usitumie misumari ya bati, ile imepakwa zinki, mtakaa mkisubiri kutu hadi Pasaka.

Faida nyingine ya chupa hizo ni kwamba hatua za uchunguzi wa kisayansi zimo zote humo. Tatizo ni lipi, tulibashiri nini, tulibadilisha kitu gani kati ya chupa na chupa, tulihitimisha nini. Ni sehemu ambayo watoto huimba kama shairi, lakini ukiwapa jaribio la maharage yaliyowekwa kabatini na yaliyowekwa dirishani, wakuambie kilichobadilishwa ni kipi, wanaanza kuimba tena toka hatua ya kwanza.

Wapo watakaosema nadharau kukariri. Hapana. Yai, lava, pupa, mbu kamili: hayo yakariri, hakuna njia ya mkato. Majina ya sehemu za ua nayo vivyo hivyo. Na mambo ya chumba cha mtihani yana mazoezi yake: kupigia mstari neno "isipokuwa", maana wanaojua jibu hukoseshwa na neno hilo kila mwaka, kusiliba kwa penseli kwa uangalifu, na katika yale maswali machache ya mwisho ya kuandika, kujibu kilichoulizwa na kuachia hapo.

Kwa anayetaka kujua aanzie wapi, Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zimo bure kwenye tovuti yao. Zinaeleza swali kwa swali, wangapi walipata, na waliochagua kila kipotoshi, yaani kila jibu lisilo sahihi, walichanganya nini na nini. Sijui kwa nini hazizunguki kwenye makundi yetu kama zinavyozunguka safu za herufi. Tafuta maswali yaliyowaangusha wengi, chagua moja kwa jioni moja, mlitafune hadi kila kipotoshi kipate sababu yake. Maswali 40 kwa usiku mmoja waachie wenye mbio.

Huwa naambiwa, "mwenzangu wewe umesoma, mimi sayansi niliiacha zamani." Lakini anayeuliza "kwa nini si hili?" halazimiki kujua jibu. Bibi ambaye hakukaa darasani anaweza kuuliza, na akaona mara moja mjukuu anapoanza kumumunya maneno. Akimumunya, swali hilo linawekewa alama, asubuhi linakwenda naye shule kwa mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wa kugundua kila mtoto amekwama wapi; akiletewa mtoto anayesema "mwalimu, sijaelewa kwa nini mkasi na kibanio ni tofauti," atamjibu pale pale mlangoni kabla kengele haijagongwa.