Agneepath ya Hrithik imeipiku ya Amitabh

Najua nawachokoza wazee. Kwenye banda la video nililokulia, ukimsema vibaya Amitabh Bachchan ulitolewa nje na kiingilio hurudishiwi. Lakini leo nasema: filamu ya Kihindi ya Agneepath ya 2012, ya Hrithik Roshan, ni mkanda mzuri kuliko ule wa 1990 wa Amitabh.

Simgusi Amitabh. Vijay, mhusika mkuu aliyemwigiza, ndiye aliyempatia tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora, na alistahili. Tatizo ni mkanda wenyewe. Ile sauti nzito ya kukwaruza aliyojitungia ilileta malalamiko mpaka ikabidi irekodiwe upya, na kwenye kumbi za sinema mauzo hayakuwa mazuri. Halafu kuna yule muuza madafu wa Mithun Chakraborty. Anachekesha kweli, ila kila akitokea unasahau kuwa kuna mtu anatafuta kisasi cha baba yake.

Karan Johar, mtoto wa Yash Johar aliyetoa ule wa kwanza, akamkabidhi kazi ya kuurudia Karan Malhotra, ambaye hakuwa ameongoza filamu yoyote kabla ya hapo. Malhotra akamfuta muuza madafu. Nafasi ikaenda kwa mtu mpya, Rauf Lala, tena akampa Rishi Kapoor! Yule yule tuliyemzoea akiimbia wasichana bustanini, sasa anawapiga mnada. Nilimchukia kwa dhati.

Ila kilichonimaliza ni ule mti. Mwaka 1990 mwalimu, baba yake Vijay, anauawa na wanakijiji waliochochewa na adui mkuu, Kancha. Uchungu upo, lakini lawama imetawanyika kwa kundi zima. Mwaka 2012 Kancha ni Sanjay Dutt, kipara, hana hata nyusi, na anamnyonga mwalimu mtini mtoto akiona. Tangu hapo unajua hadithi itaishia wapi. Unakaa karibu saa tatu ukiusubiri mti ule. Danny Denzongpa, Kancha wa 1990, na suti zake alikuwa adui wa kutisha kwa pesa zake. Huyu wa Dutt ungemkimbia hata akiwa hana senti.

Sasa linganisha na Sholay ya 1975. Mwongozaji Ram Gopal Varma aliirudia 2007, akamweka Amitabh mwenyewe kuwa jambazi mkuu, na ikaanguka vibaya. Angeongeza nini? Sholay haikuwa imebakiza pengo. Agneepath ya kwanza ilikuwa na paa linalovuja, ndiyo maana fundi alipata kazi.

(Na ndiyo, kwenye yote miwili steringi anakufa. Banda letu lililichukulia hilo kama wizi wa kiingilio.)

Kitu kimoja tu namwachia mzee: pale anapojitambulisha, jina lake lote, la baba, la mama, la kijiji. Banda zima tulikuwa tunamfuatisha kwa sauti, neno kwa neno, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Hapo Hrithik hamfikii.