Mkandarasi anapomtaja Mungu kwenye taarifa ya mradi

Taarifa za maendeleo ya miradi zinazotolewa na baadhi ya makandarasi wa viwanda na maghala hapa Mwanza zina sura inayofahamika. Kuna picha ya nguzo za chuma zimesimama na mabati yameanza kupanda, kuna asilimia ya kazi iliyofikiwa, na chini yake mstari wa Zaburi, au "Alhamdulillah, tumefika hapa kwa uwezo wake". Wengine wanatamka waziwazi kwamba kampuni yao inaendeshwa kwa misingi ya imani: siku inaanza kwa sala, Jumapili geti halifunguliwi, rushwa ni mwiko.

Wapo wanaokereka. Wanasema mteja amelipia jengo, hakulipia mahubiri, na kwamba dini ibaki kanisani na msikitini. Wapo wanaofurahi, kwa kuwa wanaamini mtu anayemcha Mungu hawezi kupunja saruji. Mimi naunga mkono makandarasi hawa waachwe wamtaje Mungu wao, ila nina sharti. Ukimtaja Mungu kwenye taarifa ya mradi umejiongezea deni, na deni hilo tuna haki ya kulidai kwenye taarifa hiyohiyo.

Hoja ya kisheria naipita haraka. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Inaizungumzia nchi. Mwenye kampuni binafsi ana uhuru wake wa kuabudu chini ya ibara ya 19, sawa na mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni. Na mji huu haujawahi kuona ajabu imani ikiingia kwenye kazi za watu: Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya Kanisa Katoliki, na wagonjwa wa dini zote kutoka Kanda ya Ziwa wanapanda kile kilima.

Faida za kampuni ya namna hii zipo, na anayezibeza hajawahi kusimamia saiti. Ujenzi una mianya mingi ya wizi. Dizeli inafyonzwa usiku kwenye mitambo, nondo zinatoka vipande vipande, mifuko ya saruji inahesabiwa ishirini kumbe imeingia kumi na saba. Mlinzi na stoo havitoshi. Mahali ambapo mafundi wanafahamiana nje ya kazi, wameimba kwaya moja au wanaswali msikiti mmoja, aibu inafanya kazi ambayo kufuli haliwezi. Kubwa zaidi ni rushwa. Mkandarasi anayekataa kutoa "asilimia kumi" anapoteza kazi, na anaipoteza kwa mshindani mwenye bei na uwezo kama wake. Kumwambia mtu wa namna hiyo aifiche imani yake ni kumnyang'anya kinachomfanya astahimili hasara.

Kuna saiti moja ya ghala kule Nyakato niliyoitembelea asubuhi, kabla kazi haijaanza. Mafundi walikusanyika mbele ya kontena la ofisi. Foromani alivua helmeti, wengine nao wakavua, akaomba kwa dakika chache tu, na katikati ya maombi akamtaja kwa jina kijana aliyeumia mguu wiki iliyotangulia. Baada ya amina hawakutawanyika. Aliuliza nani leo wanapanda juu, akawapanga mstari na kukagua mkanda wa usalama wa kila mmoja, akiivuta kulabu kwa mkono wake. Kijana mmoja uzi wa mkanda wake ulikuwa umeanza kuchakaa karibu na kulabu, akarudishwa stoo kuchukua mwingine. Nililipenda tukio hilo, na nasema hivyo kwa dhati. Yule foromani alikuwa anawajali watu wake, na sala ndiyo iliyomfundisha kuwataja mmoja mmoja.

Lakini mafundi wawili walikuwa wamesimama kando ya mashine ya kuchanganyia zege, kofia zao kichwani, wakisubiri. Ni Waislamu. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna aliyewauliza. Maombi yalipogeuka kuwa maelekezo ya usalama, wao walikuwa bado kule kando, na sauti ya foromani haikuwa inawafikia vizuri. Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo. Maelekezo ya usalama ni wajibu wa mwajiri kwa kila mfanyakazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimtazami mtu dini yake. Ukiyaweka ndani ya duara la sala, asiyesali anayakosa, au analazimika kusali ili ayapate. Dawa yake ni rahisi: maelekezo yatangulie, kila mtu awepo na jina lake liandikwe, kisha anayetaka kubaki kwa maombi abaki na asiyetaka aende kuandaa vifaa vyake. Isitoshe, yule asiyebaki asiwe ndiye anayekosa kazi wiki ijayo.

Hofu hiyo ya mwisho ina msingi. Saiti zetu zinaajiri kwa kufahamiana. Nyapara anaambiwa alete vijana sita, analeta sita wa jumuiya yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inaitaja dini kwa jina, lakini kibarua asiyepigiwa simu hana ushahidi wowote wa kubaguliwa. Simu haikuita tu.

Lingine halisemwi sana. Foromani akiwa pia mzee wa kanisa, kibarua anayedai malipo ya saa za ziada anaonekana ana ugomvi na mzee wa kanisa. Mamlaka mawili yamekaa kwa mtu mmoja. Malalamiko yanageuzwa kuwa utovu wa nidhamu ya kiroho, anaambiwa avumilie, amwachie Mungu, na mwisho wa mwezi unapita. Na pale michango ya ujenzi wa kanisa au madrasa inapokatwa moja kwa moja kwenye malipo, nani atakataa mbele ya wenzake? Sheria haimruhusu mwajiri kukata ujira kwa namna hiyo bila ridhaa ya maandishi, na ridhaa inayotolewa kwa woga si ridhaa.

Suala la siku ya mapumziko ndilo linaloonyesha kwa uwazi zaidi ugumu wa jambo hili katika ukanda wetu, kwa sababu Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi. Kampuni inayofunga Jumapili kwa heshima ya imani inadhani imewapumzisha wote. Fundi Msabato anapumzika kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Jumapili, siku ambayo yeye yuko tayari kushika mwiko, geti limefungwa. Wenzake wanafanya siku sita, yeye tano. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, uadilifu wa mwajiri wake umemgharimu ujira wa siku moja kila wiki. Tena saiti nyingi hulipa vibarua Jumamosi jioni. Msabato hapokei fedha Sabato, kwa hiyo anasubiri Jumatatu huku mwenye duka akimngoja.

Upande wa pili nao una haki yake. Sheria inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na kazi ya siku ya mapumziko inalipwa mara mbili. Mkandarasi hawezi kufungua saiti Jumapili kwa ajili ya mafundi watatu, aweke msimamizi, mlinzi na umeme. Zege nalo halimsubiri mtu: ukianza kumwaga sakafu ya ghala huwezi kuacha katikati kwa sababu Ijumaa imefika saa saba mchana, maana zege lililoanza kushika halishikamani vizuri na jipya, na kiungo hicho kitakusumbua baadaye. Ndiyo maana nasema jambo hili linataka ratiba. Siku ya zege kubwa isipangwe Ijumaa. Kazi za kupinda nondo na kuchomelea zinazoweza kufanywa karakana zipewe watu wa Jumapili. Malipo yatumwe kwa simu Ijumaa kabla ya magharibi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Linahitaji mwajiri aliyeulizia wafanyakazi wake wanaabudu siku gani.

Sasa taarifa yenyewe. Wasiwasi wangu mkubwa ni pale aya inapojaza nafasi ya tarakimu. Huu ni mji wa majabali. Mtu anaanza kuchimba msingi wa matangi, mita mbili chini anakutana na mwamba usiotarajiwa, mwezi mzima unaliwa na kupasua mawe. Taarifa inatoka: "Licha ya changamoto ndogo, Mungu ni mwema." Mteja haambiwi siku ngapi zimepotea wala tarehe mpya ya kukabidhi. Aliyeiandika huenda hakukusudia kudanganya, lakini amemfanya Bwana awe pazia.

Linganisha na Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Kazi ilianza mwaka 2020 na asilimia zikawa zinatangazwa mara kwa mara, mpaka abiria wa Sengerema waliokuwa wakisubiri kivuko walizijua kwa kichwa. Matarajio ya awali ya kumaliza mwaka 2024 yalipopita, watu walikuwa na namba mkononi za kuulizia. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ucheleweshaji ulionekana, ukajadiliwa, na daraja halikupungukiwa heshima.

Watu wa ziwa hili wanajua gharama ya kuacha vipimo. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo waumini wa kila aina, waliofunga safari kwa dua. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu na kusema basi.

Na ajabu ni kwamba vitabu vitakatifu vyenyewe vinahesabu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye dari ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Sura ya 24 inataka kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua. Mtume Muhammad aliagiza mfanyakazi apewe ujira kabla jasho lake halijakauka, na sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo. Hayo ni maagizo ya saiti kabisa. Mkandarasi wa imani ana vitu vya kuripoti ambavyo mwenzake hana: tarehe ambayo vibarua walilipwa mara ya mwisho, walioumia mwezi huu, matokeo ya vipande vya zege vilivyopondwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Aviweke juu, Zaburi ikae chini yake.

Na awahesabu wote. Kampuni nyingi huwalipa wafanyakazi wake kwa wakati, halafu kazi ya kufunga nondo na kupandisha mabati inampa mkandarasi mdogo ambaye naye huchukua vijana wa mtaani Buzuruga au Igoma na kuwakimbia mradi ukiisha. Taarifa inaposema mradi umetoa ajira kwa vijana 80, vijana hao wamo. Wanapodai, wanaambiwa hawajulikani ofisini. Mkandarasi mkuu akae na malipo ya mwisho ya yule mdogo mpaka orodha ya vibarua iliyosainiwa ifike mezani, na aiandike hivyo kwenye mkataba kabla ya msingi kuchimbwa.