Mfumaji wa Oxyrhynchus anastahili historia yake

Kuna barua moja ya kale inayozunguka sana mitandaoni. Ni ya mwaka 1 kabla ya Kristo. Hilarion, aliyekwenda Alexandria kutafuta riziki, anamwandikia mkewe Alis aliyebaki nyumbani. Anamtuliza, anamwahidi kumtumia pesa akilipwa tu, kisha anampa agizo: ukijifungua mtoto wa kiume, mwache, akiwa wa kike, mtupe. Watu wanausoma mstari huo, wanamlaani Hilarion, basi yameisha. Mimi ninamheshimu msomaji anayekwenda hatua moja mbele na kuuliza: mtoto akishatupwa, nini kilimpata?

Jibu limo katika karatasi nyingine, na zote zimetoka jaani. Mji wa Oxyrhynchus uko kama kilomita 160 kusini mwa Cairo. Huko mvua ni nadra mno, kwa hiyo taka za karne nyingi zilikauka badala ya kuoza. Mwaka 1896 Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuyafukua majaa hayo wakitafuta hasa maandiko ya Kikristo na kazi zilizopotea za washairi wa Kigiriki. Walipata kiasi. Lakini sehemu kubwa ya vipande karibu nusu milioni vilivyofukuliwa ni kodi, mikopo, mikataba, mashtaka na barua za nyumbani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hazina yenyewe, na inasikitisha kwamba gazeti likiandika habari za mafunjo ya Misri, yaani karatasi hizi za kale, kipande cha shairi ndicho kinachopewa ukurasa mzima.

Twende kwenye kesi ya Machi mwaka 49 baada ya Kristo. Mtu anayeitwa Pesouris aliokota mtoto wa kiume jaani, akampa jina Heraklas. Akampeleka kwa Saraeus, mke wa mfumaji Tryphon, amnyonyeshe kwa malipo. Mkataba ukaandikwa. Baadaye Pesouris akamchukua mtoto akidai anashindishwa njaa, na Saraeus akaingia nyumbani kwake akambeba akaondoka naye. Mbele ya mkuu wa wilaya, wakili wa Pesouris alitoa stakabadhi za malipo: huyu ni mtumwa wetu, na mama huyu amelipwa. Saraeus akajibu kwamba yule mtoto wa kuokotwa alikufa, na huyu wanayetaka kumnyang’anya ni wa tumbo lake mwenyewe.

Mkuu wa wilaya alimwangalia mtoto usoni, akaona amefanana na Saraeus. Akaamua kwamba mama na mumewe wakitoa tamko lililotiwa saini kuwa yule wa kuokotwa amekufa, na pesa zikirudishwa, abaki na mwanawe.

Tazama sasa barua ya Hilarion inavyosomeka. Jaa lilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kumwokota mtoto, akamlea awe mtumwa wake, na mwanamke wa jirani akapata kipato kwa maziwa yake. Agizo la Hilarion halipungui ukatili hata chembe. Linakuwa zito zaidi, kwa sababu tunaona soko lililokuwa nyuma yake.

Na familia ya Tryphon haikuishia mahakamani. Karatasi zao zipo kadhaa. Kabla ya Saraeus, Tryphon alikuwa na mke mwingine, Demetrous, ambaye anamlalamikia kuwa alimkimbia na vitu vya nyumbani. Mwaka 37 akashtaki kwamba Demetrous na mama yake wamempiga Saraeus akiwa mjamzito. (Hayo ni maneno ya Tryphon; upande wa Demetrous hatunao, na msomaji mwadilifu asilisahau hilo.) Baada ya hukumu ile ya mtoto, Tryphon alimwandikia gavana wa Misri kwamba mpinzani wake hakubali uamuzi na anamzuia kufanya kazi yake. Mwaka 52 alikaguliwa Alexandria, akasamehewa utumishi wa serikali kwa sababu ya mtoto wa jicho na kutoona mbali. Mwaka 54 huyo huyo ananunua kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kwa drakma 20. Mwaka 66 anampeleka mwanawe Thoonis akajifunze ufumaji kwa fundi mwingine.

Je, macho yalikuwa yamemwishia? Karatasi hazisemi, lakini mtu anayezisoma kwa pamoja hawezi kuacha kujiuliza.

Kwa pamoja: hapo ndipo ninapokasirika. Tangu mwaka 2019 Egypt Exploration Society, shirika la Uingereza lenye mkusanyo wa Oxyrhynchus ulioko Oxford, limekuwa likieleza wazi kuhusu vipande vilivyotoweka, idadi ikifika kama 120, na baadhi vikagundulika mikononi mwa wanunuzi Marekani. Mnunuzi hutaka kipande chenye aya ya Biblia. Lakini kila kinachouzwa kwa siri kinatenganishwa na wenzake, na mwuzaji akishafuta habari za kilikotoka, hakuna atakayejua kilikuwa cha nyumba gani. Karatasi za Tryphon zilisalimika kwa sababu zilichapishwa kuanzia 1898, kila moja na namba yake, hata zile ambazo hakuna tajiri angezitamani. Leo maandishi ya karatasi hizo yanasomwa bure kwenye intaneti, na mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu aliyejifunza Kigiriki kidogo anaweza kuanza na stakabadhi ya kitanda cha mfumi leo hii.