Mradi ni wetu, hesabu ni za nani?

Jamani hivi ni kijijini kwetu tu au na nyie? Hivi vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi ya maji vijijini vimewekwa na sheria ya maji ya 2019, RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini Tanzania) wanavisimamia, na kila kikao tunaimbiwa "mradi ni mali yenu wananchi". Haya sawa, sasa mbona mwenye mali ndo hajui kitu? Ndoo ya lita 20 nalipa kila siku, tena chenji mpaka nigombane. Ukiuliza hela imeenda wapi, dizeli. Bomba limepasuka wiki ya pili, dizeli. Tumefungiwa pampu ya sola, bado dizeli! Kwani jua nalo linakunywa dizeli?

Mkutano wa mapato na matumizi wanautangaza siku ya gulio, makusudi kabisa, halafu mhazini anasoma kama anafukuzwa na nyuki, "mengineyo milioni moja na ushee", eti kuna swali? Hujanyoosha mkono mwenyekiti kashafunga kikao, soda zinagawiwa. Nikaenda kwenye ubao wa matangazo, nikakuta karatasi ya 2021, mbuzi kala palepale kwenye jumla. Mi huyo mbuzi namshuku kabisa.