Milima mko nayo Nairobi, shida ni Jumamosi

Kila nikitupa picha kwa grupu ya familia, watoto wako juu ya mlima na makoti ya mvua, jibu huwa lilelile, ati nyinyi mmebarikiwa, huku Nairobi mtoto ataonea wapi mambo kama hayo. Mimi nimezaliwa Nairobi nikalelewa Buruburu, sasa naishi Bergen kule Norwe na mke wangu na watoto, na hiyo maneno naikataa kabisa. Milima mko nayo na ni mizuri kuliko yetu. Maabara ya sayansi pia mko nayo, iko jikoni. Kitu mzazi wa Nairobi amenyang'anywa ni wikendi, na hapo ndio tunafaa kupigia kelele.

Angalia tu hizi namba. Mlima mrefu zaidi hapa Bergen mjini unaitwa Ulriken, ni mita 643. Ngong Hills pale kilele cha Lamwia ni mita 2,460, Mlima Longonot ni 2,776, na Nairobi yenyewe, hapo umekaa ukinywa chai, iko karibu mita 1,800. Yaani mtoto wa mtaa wa Donholm pale Nairobi analala juu kuliko kilele chochote watu wa Bergen wanapanda siku ya Jumapili! Na huku mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, tunapanda tukiwa tumelowa, hakuna mtu anangoja jua.

Sasa kwa nini huku familia zinapanda kila wiki na huko hazipandi? Kwanza kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea msituni na milimani hata kama shamba ni la mtu, bora usiharibu na usikanyage mimea yake, kwa hivyo hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna kuulizwa unaenda wapi. Pili maduka mengi yanafungwa Jumapili, kwa hivyo hata ukitaka kuzurura supamaketi hakuna. Tatu, na hii ndio kubwa, watu wengi wa ofisi saa kumi jioni washatoka kazini na bosi hapigi simu Jumamosi. Mtoto wa shule ya msingi hapewi gredi mpaka afike darasa la nane, kwa hivyo hakuna mambo ya tuisheni. Hata viatu na mabegi ya kupandia unaweza kuazima bure. Hakuna mahali hapo nimetaja kwamba wazungu wanapenda watoto wao kuliko sisi tunavyopenda wetu, maana hiyo pia nimeisikia ikisemwa na inaniuma.

Dadangu anaishi Rongai, nje kidogo ya Nairobi, na anafanya kazi upande wa Industrial Area. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza, Jumamosi ni nusu siku ambayo na jamu inakuwa siku nzima, ikibaki saa moja kuna chama cha akiba, kuna matanga, kuna harusi, Jumapili ni kanisa na kufua. Halafu mtu anamwambia atafute muda wa kucheza na watoto, atautoa wapi jamani? Zile hike za makundi, za kupanda milima pamoja, nazipenda sana, lakini ukihesabu nauli, mtu wa kuwaongoza njia, kiingilio cha geti na chakula kwa watu watano, ni pesa ya shopping ya mwezi. Na Ngong Hills huwezi kusema unaenda peke yako na watoto, kwa usalama inafaa muwe kundi au muwe na askari wa msitu. Mimi maoni yangu ni kwamba watoto wa shule wangeingia bure msitu wa Karura, Ngong na Longonot angalau Jumamosi moja kwa mwezi, na askari wawekwe njiani siku hiyo. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakitetea Karura, msitu ukabaki, sasa mtoto wa Huruma au Mathare, msitu uko hapo karibu naye, azuiwe na tiketi kweli?

Mambo ya sayansi ndio hayahitaji hata nauli. Chukua maji na themometa ya jikoni. Hapa Bergen tuko kando ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 100. Nairobi yanachemka kwa kama 94, kwa sababu hewa ya huko juu inakandamiza maji kidogo kuliko ya huku. Ndio maana maharagwe yanachukua mchana mzima na gesi inaisha, na ndio maana presha kuka inasaidia, inafungia mvuke ndani mpaka joto lipande hadi karibu digrii 120. Wale wasio na presha kuka wanaweka magadi, na shosho aliyetulea alijua hiyo kitu bila kuambiwa na mtu, magadi inalainisha ngozi ya maharagwe. Chemsha kabichi ile ya zambarau, gawa maji yake kwa vikombe, kamulia limau moja uone ikigeuka pinki, weka magadi kwa nyingine uone bluu halafu kijani. Alafu siku mkifika Ngong juu, waonyeshe upande wa bondeni kule barabara inateremka kwenda Ziwa Magadi, ile magadi ya sufuria yao imetoka huko. Mimi hapa Bergen hilo la mwisho siwezi kuwapa watoto wangu, magadi yao inatoka kwa rafu ya duka.

Kuna lingine tunafanya na binamu zao kwa simu ya video. Kila upande unasimamisha kijiti cha mita moja jua likiwa juu kabisa, unapima kivuli. Desemba kivuli cha Nairobi ni kama sentimita 40. Cha kwetu, jua likikubali kutoka, kinapita mita tisa, kinavuka uwanja mpaka kwa jirani. Na Juni kivuli cha Nairobi kinageuka kinaangalia kusini, chetu hakigeuki kamwe. Hakuna mtu amenunua kitu hapo! Miradi ya CBC, ule mtaala wa shule za Kenya, ingekuwa ya hivi, badala ya mzazi kukimbia saiba, duka la kompyuta, saa tatu usiku kuprinti picha za rangi, wazazi wangeipenda.

Na binamu ndio kitu hata Norwe na sheria zake haiwezi kuwapa wangu. Huku kila familia inapanda kivyake na termosi yake. Huko watoto wakiwa saba nyumba moja, jaribio moja linazaa mabishano ya siku mbili, na mtoto anajifunza zaidi kwa kubishana na binamu kuliko kwa kunisikiliza mimi.

Desemba hii tunakuja, Longonot tunapanda wote na ada ya geti ya watoto wa dadangu nimeshaweka kando, yeye ameomba likizo mapema. Alafu tunashuka Mombasa na treni ya SGR. Huku Ulriken huwa tunafunga chupa tupu ya plastiki kileleni na tukifika chini imebonyea kidogo, kwa hivyo hii ya sasa itafungwa Syokimau, stesheni ya Nairobi, na hakuna kuigusa mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, mteremko zaidi ya mara mbili ya ule wa Ulriken. Binamu washaanza kubishana kwa grupu, mmoja anasema itapasuka, mwingine anasema itafinyana, na wa tatu anataka kubeba pia paketi ya krispi tuone nayo itafanya nini.