Bustani kwenye kiwanja cha mtu: karatasi inamlinda nani?

Kiwanja kilichonunuliwa Dar es Salaam kikaachwa kisubiri fedha za ujenzi hakikai kitupu. Pasipo bustani, majani yanaota hadi kifuani, watu wanatupa taka, vibaka wanapata maficho. Ndiyo maana wenye viwanja wengi huwaachia majirani au kikundi cha akina mama walime mchicha na matembele. Kulima mjini si kosa. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu hadi ekari 3. Tatizo ni kwamba makubaliano yenyewe huishia mdomoni.

Mwenye kiwanja haandiki kwa sababu anaogopa. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa miaka 12 kudai ardhi iliyo mikononi mwa mwingine, naye anaona karatasi yoyote itakuwa silaha ya mkulima. Siidharau hofu hiyo, watu wamepoteza viwanja. Lakini mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba aliyekaribishwa hageuki mmiliki hata akikaa miaka mingapi. Kwa hiyo maandishi ya "nimekuruhusu kulima" yanamlinda mwenye kiwanja kwanza. Asipoandika, baada ya miaka 15 atathibitishaje kwamba alimkaribisha mtu, na shahidi wake pengine keshafariki?

Mkulima anaumia kwa namna nyingine. Anamwagilia kwa keni asubuhi na jioni, ananunua mbolea ya kuku, halafu katapila linaingia mchicha ukiwa umebakiza siku nne kuvunwa. Mchicha huchukua wiki 3 hadi 4 tu. Notisi ya siku 30 ingemtosha kuvuna, wala haimcheleweshi anayejenga. Migomba na mipapai ni jambo jingine: mwenye kiwanja ana haki ya kuikataa mapema, maana ikishakomaa yanafuata madai ya fidia.

Wanaopinga bustani hizi wana hoja moja ambayo karatasi haiitatui, nayo ni maji. Mto Msimbazi unapokea maji taka ya viwandani na majumbani, na mboga za majani hufyonza metali nzito kama madini ya risasi. Kwa mboga zinazomwagiliwa maji hayo, niko upande wa wanaokataza; anayekula ni mtoto wa nyumba ya jirani.

Palipo na bomba au kisima salama, serikali ya mtaa, ambayo tayari hushuhudia mauziano ya viwanja, ingetoa fomu ya ukurasa mmoja: muda, aina ya mazao, chanzo cha maji na siku za notisi.